Françoise Giroud: mhariri aliyekubali kiti serikalini

Mrengo wa kushoto wa Ufaransa ulikuwa na jambo ambalo haukumsamehe kirahisi Françoise Giroud. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1974 alitangaza hadharani kwamba kura yake ni ya François Mitterrand, mgombea wa mrengo huo. Mitterrand akashindwa, na ilipofika Julai mama huyo alikuwa ndani ya serikali ya mshindi, Valéry Giscard d'Estaing, akishughulikia hali ya wanawake. Ufaransa haikuwahi kuwa na cheo hicho.

Waliomwita kigeugeu hawakuwa wakibwabwaja. Huyu ndiye aliyeanzisha L'Express mwaka 1953 na Jean-Jacques Servan-Schreiber, jarida lililopinga vita vya Algeria hadi baadhi ya matoleo yake yakakamatwa na dola. Leo anaketi na watu aliokuwa akiwachapa kwa kalamu. Tena anaketi pembeni: ofisi yake ilikuwa chini ya waziri mkuu, bila wizara nyuma yake wala fungu la maana.

Halafu kikaja kipindi cha televisheni cha Desemba 30, 1975, cha kuaga Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Mtangazaji Bernard Pivot akamwonyesha wanaume maarufu wakiwabeza wanawake, naye Giroud akawa anatabasamu na kuwatafutia udhuru. Mwigizaji Delphine Seyrig na wenzake walikichukua kipindi hicho, wakakikatakata kwa video na kupachika kejeli zao katikati. Hoja yao ilikuwa kwamba ofisi nzima ni kiini macho. Ukiitazama video ile unacheka, na unamwonea aibu.

Hapo ndipo wengi humalizia habari yake, na hapo ndipo wanaponikera. Tabasamu la jioni moja limekuwa maarufu kuliko faili la miaka miwili.

Faili lenyewe lilikuwa na hatua 101. Si hotuba, si tamko la nia njema: ni orodha ya vifungu vya kurekebisha, kimoja kimoja, katika ajira, familia, pensheni na kodi. Takriban 80 vilipitishwa. Najua hesabu ya aina hii hudanganya, maana kifungu cha fomu ya ofisini huhesabiwa sawa na kifungu cha mshahara. Lakini punguza nusu ukipenda, bado zinabaki arobaini, kutoka kwa mtu asiye na bajeti. Ni waziri gani mwenye bajeti aliyeacha arobaini? Na tukumbuke zilikotoka: hadi sheria ya Julai 1965, mke wa Kifaransa alihitaji ridhaa ya mumewe kufungua akaunti ya benki. Miaka kumi baadaye, Giroud akiwa kwenye kiti chake, sheria ya Julai 1975 ilimkataza mwajiri kumnyima mwanamke kazi kwa sababu ana mimba.

Mimi naiona humo kazi ya mhariri. Giroud aliacha shule akiwa binti mdogo, akawa mpiga taipu, kisha akaingia kwenye sinema kama mtunza mwendelezo, hadi kwa mwongozaji filamu Jean Renoir. Kazi yenyewe ni kuandika kofia ilikaa upande gani na sigara imebaki kiasi gani, ili kipande cha kesho kishikane na cha leo. Kisha akaongoza chumba cha habari cha Elle, jarida la wanawake, baadaye L'Express. Mtu wa namna hiyo haandiki nadharia ya ukombozi. Anatafuta mstari wenye kasoro na kuufuta. Wanaharakati walitaka kuandika kitabu kipya. Yeye alikuwa akisahihisha kile kilichokuwepo, na hilo kwao lilikuwa usaliti.

Simsafishi. Katika uchaguzi wa mitaa wa Paris mwaka 1977 alijinadi kwa nishani ya Upinzani dhidi ya Wanazi, ikabainika kwamba aliyetunukiwa ni dada yake. Akajitoa. Kwa mwanahabari, hilo ni doa lisilofutika.

Alipohamishiwa masuala ya utamaduni serikalini mwaka 1976, cheo chake cha wanawake kilishushwa kikawa ofisi ndogo yenye makao Lyon, mbali na mawaziri. Wakosoaji husema hiyo inathibitisha kiini macho. Mwaka 1981 Mitterrand, safari hii akiwa rais, akaunda wizara ya haki za wanawake chini ya Yvette Roudy, yenye fedha zake, nao husema kazi ilianzia hapo. Roudy alifanya mengi, hakuna ubishi. Ila hakulazimika kuanza na akaunti ya benki wala mwajiri wa mjamzito, na sehemu ya njia hiyo ilifyekwa na mwanamke waliyekuwa wakimcheka.