Utsira iachwe ijiendeshe

Utsira ni kisiwa kilicho peke yake baharini, magharibi mwa Norwei. Kutoka mji wa Haugesund unakaa kwenye feri zaidi ya saa nzima, na bahari ya huko ikichafuka si mchezo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 6, wakazi 200 hivi. Hata hivyo ni manispaa kamili yenye meya na madiwani, na ndiyo yenye watu wachache kuliko zote nchini. Shule na matunzo ya wazee ni jukumu lake, kama yalivyo jukumu la Oslo.

Wenye kupenda mahesabu huuliza: kwa nini isiunganishwe na jirani? Swali si la kipuuzi. Serikali ilipofanya mageuzi, manispaa zilishuka kutoka 428 hadi 356 mwaka 2020. Utsira ilibaki, na mimi nafurahi kwamba ilibaki.

Ukisoma habari za watalii utadhani kisiwa hiki ni ndege wahamao, mnara wa taa wa 1844 na michoro ya ukutani basi. Vizuri vyote, lakini ndege hawapigi kura. Kinachonivutia mimi ni kile watu wa Utsira walichofanya mara tu walipopata mamlaka yao. Walijitenga na manispaa ya Torvastad mwaka 1924. Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata, wanawake walitwaa viti 11 kati ya 12. Mwaka 1926 mkunga wao, Aasa Helgesen, akawa meya wa kwanza mwanamke katika Norwei yote, na hapo wanawake wa nchi hiyo walikuwa na miaka 13 tu tangu wapate haki kamili ya kupiga kura. Kama Utsira ingekuwa bado chini ya Torvastad, wagombea wangepangwa ng'ambo ya maji, na sidhani kama mkunga wa kisiwani angekumbukwa hata kwa kiti kimoja.

Moyo huo haukuishia hapo. Mwaka 2004 kisiwani kulianza jaribio la kuzipa nyumba 10 umeme wa upepo, ule wa ziada ukihifadhiwa kama haidrojeni.

Gharama zipo, sikatai. Bila ruzuku ya serikali kuu hesabu hazifiki, na kijana akimaliza darasa la 10 lazima avuke maji kutafuta sekondari ya juu. Lakini kuungana nako si bure. Manispaa ya Haram, yenye watu wengi kuliko Utsira mara nyingi tu, iliunganishwa na jirani yake Ålesund mwaka 2020. Wenyewe hawakuridhika, na Januari 2024 Haram ikarudi kuwa manispaa yake. Kuunganisha kuligharimu, kutenganisha nako kukagharimu. Wanaoihesabia Utsira kila kroni waanze na hesabu hiyo.