Jiko la Kuni la Zamani Halina Kosa

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mtu aliyewahi kuishi na jiko la chuma la zamani, lile lenye mlango mzito na bomba linalopanda hadi juu ya paa, ana haki ya kuupinga msemo huo, kwa kuwa katika jiko hilo moshi mwingi ni dalili kwamba moto haupo, au upo ila umekabwa. Nilichelewa kulielewa jambo hili. Msimu mzima wa kwanza wa baridi nilililaumu jiko langu, nikawa nafungua madirisha huku machozi yakinitoka, na mara mbili nilikaribia kumpa yeyote ambaye angekubali kulibeba. Leo naamini kwamba majiko mengi ya aina hiyo yanayolalamikiwa ni mazima kabisa, na anayehitaji kurekebishwa ni yule anayeyakoka.

Jiko lenyewe halina nguvu ya kuusukuma moshi nje. Dohani ndiyo inayouvuta. Hewa ya moto iliyomo ndani ya dohani ni nyepesi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hupanda na kuivuta nyingine nyuma yake. Dohani ikiwa baridi, hasa ile iliyojengwa upande wa nje wa ukuta, hewa nzito hukaa ndani yake kama kizibo, na moshi wa kwanza hukosa pa kwenda isipokuwa chumbani. Siku hizi, kabla ya kugusa kuni, nafungua kabisa matundu ya hewa pamoja na kile kilango kilicho ndani ya bomba, kisha nasokota karatasi mbili tatu za gazeti na kuziwasha juu kabisa ndani ya jiko, karibu na mdomo wa bomba. Miali ikivutwa juu kwa mvumo, njia iko wazi. Ikinielekea mimi, nafungua dirisha kidogo na kuzima feni yoyote inayotoa hewa nje, kwa sababu nyumba iliyozibwa vizuri huifanya dohani ishindane na feni, na mara nyingi feni ndiyo inayoshinda.

Kuhusu kuni sitasema mengi, ingawa watu wengi huanza na kuishia hapo. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na moto hauwezi kupata joto la kutosha huku ukichemsha maji hayo. Kuni zinazofaa zina unyevu usiozidi asilimia 20, nazo hupatikana kwa kupasuliwa mapema, kupangwa juu ya nguzo zisiguse ardhi, na kufunikwa juu tu ili upepo upite ubavuni; miti laini huweza kukauka kwa miezi sita hivi, migumu huhitaji mwaka mmoja au miwili. Neno la muuzaji kwamba kuni zake ni kavu silihesabu kuwa ushahidi. Napasua gogo moja na kupima unyevu kwenye uso mpya uliopasuliwa, kwa maana ganda la nje hudanganya.

Kosa kubwa zaidi, na ndilo lililonitesa mimi, ni kubana hewa. Mtu hulijaza jiko magogo makubwa usiku, hufunga matundu karibu yote, kisha hulala akidhani amewekeza joto la hadi asubuhi. Alichofanya ni kuzifukiza kuni badala ya kuziunguza. Moshi si takataka ya moto. Ni sehemu ya kuni ambayo bado haijaungua, na gesi zake huhitaji joto la karibu nyuzi 600 pamoja na hewa ya kutosha ili zishike moto. Majiko mapya yana njia ya pili ya hewa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuziunguza gesi hizo, lakini mengi yaliyotengenezwa kabla ya Marekani kuyawekea majiko mapya ya kuni viwango vya moshi mwaka 1988 hayana. Gesi zisizoungua hupanda, hukutana na kuta baridi za dohani, na kuganda kuwa lami nyeusi inayonata. Lami hiyo hupunguza upana wa njia, hivyo moshi huzidi kurudi ndani, na siku ikishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000. Ndiyo maana napendelea moto mdogo wenye miali mikali, unaoongezwa gogo moja au mawili kila baada ya muda, kuliko rundo linalofuka usiku kucha. Ni kweli kwamba njia hii humtaka mtu ainuke mara kwa mara, na asiyetaka kuinuka pengine afikirie njia nyingine ya kupasha nyumba joto.

Mlango nao una adabu yake. Nafungua kwanza kilango cha bomba, nasubiri kidogo, nauachia mlango upenyo wa vidole viwili hadi mvuto utulie, kisha ndipo naufungua taratibu. Anayeufungua kwa ghafla huuvuta moshi wote usoni mwake.

Kuna makosa ambayo kweli ni ya jiko, nayo hayafichiki kwa muda mrefu. Ukibana kipande cha karatasi kwenye mlango uliofungwa na kikatoka bila kukwaruza, kamba ya kuziba imechakaa. Dohani fupi hupigwa na upepo, na inafaa izidi kwa angalau sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Isafishwe walau mara moja kwa mwaka, na nyumba iwe na kengele ya kugundua monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo haimsubiri mtu akohoe.

Robo saa baada ya kukoka natoka nje kuitazama dohani. Nikiona hewa tu inayotetemeka juu yake, narudi kukaa. Nikiona moshi wa kijivu, narudi kufungua matundu.