Fursa Ina Kilemba

Konda, punguza hiyo redio, mwanangu. Au zima kabisa. Huyo mtangazaji tangu Buguruni ni fursa, fursa, fursa, kama anahesabu embe zilizodondoka. "Vijana, wageni wamewekwa pembeni, kazi kwenu!" Kwetu wapi? Aseme mtaa, nishuke.

Msininukuu vibaya. Mimi, kwa heshima na taadhima, ni mzalendo. Ile amri ya Julai 2025 aliyoitoa Selemani Jafo, wakati huo Waziri wa Viwanda na Biashara, nimeisoma yote, na miwani nimevaa. Biashara 15 mgeni asiye raia asizifanye. Duka la jumla na rejareja, ukitoa supamaketi. Wakala wa pesa za simu. Fundi simu. Saluni, labda iwe hotelini au ya watalii. Kuongoza watalii. Kununua mazao shambani. Udalali wa nyumba na viwanja. Mpaka usafi wa majumbani na ofisini umo, ingawa mgeni mwenye dekio mabegani Dar es Salaam hii mimi sijasikia akilalamikiwa.

Na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. Mwenye duka Kariakoo anachukua mzigo wa jumla kwa mgeni. Kesho yake mgeni yule yule anafungua mlango wa barabarani, anauza kimoja kimoja kwa bei ile ile ya jumla. Mzigo kautoa kiwandani kwao moja kwa moja, kontena lake, stoo yake. Wewe uliyekuwa unaishi kwa kaongezeko kadogo ka katikati, katikati penyewe pameondoka. Hapo ukiambiwa ushindani ni afya, unaomba daktari mwingine.

Sasa haya, mgeni katoka. Twendeni tukaishike hiyo nafasi. Dada, samahani, sogeza mkoba kidogo, hesabu hii inataka vidole.

Unafika Kariakoo, unamtafuta dalali wa fremu. Uongo, dalali ndiye anakutafuta. Anakuita bosi. Bosi karibu, bosi mzigo wa nini, bosi kuna kitu cha moto hapa nyuma. Kabla hujaona mlango unatoa elfu ishirini ya kuonyeshwa. Kuonyeshwa! Sinema unaonyeshwa na kiti umepewa. Hapa unaonyeshwa fremu iliyogawanywa kwa plaiwudi ikazaa tatu, na ile uliyotengewa, ukinyoosha mikono yote miwili, umeshamaliza kuikagua.

"Kodi?"

"Bosi, laki nane tu."

Hiyo "tu" isikilizeni vizuri. Laki nane, miezi sita mbele, ni milioni nne na laki nane. Ya kwake dalali ni kodi ya mwezi mmoja, laki nane nyingine. Unajikaza, unasema sawa, kujitegemea kuna gharama. Ndipo anashusha sauti. Dalali akishusha sauti, shika mfuko.

"Halafu, kaka, kuna kilemba."

Bosi ameshakuwa kaka. Angalieni mteremko huo. Kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, tuseme milioni 15, na kwenye mtaa unaopitisha watu hapo umependelewa. Unauliza, kwa adabu, kilemba ni cha nani.

"Cha anayetoka."

"Anayetoka si yule mgeni aliyeambiwa afunge?"

"Huyo huyo."

"Kwa hiyo mimi mzawa niliyefunguliwa fursa nampa milioni 15 mgeni aliyefungiwa?"

"Mzee wangu, kilemba hakina uraia."

Mzee wangu! Dakika tano tu, nimeshuka vyeo viwili... nimeshuka nani, mimi nawasimulia ya watu. Unaomba risiti ya kilemba. Dalali anacheka mpaka anashika ukuta. Kilemba hakiandikwi popote, mkataba haukijui, na mwenye jengo akiamua kubomoa ajenge ghorofa, kinaondoka na vumbi. Nani utamshitaki, vumbi?

Tunafika kwenye mkataba. Sheria inasema mpangaji wa biashara ukilipa pango, kata asilimia 10, kodi ya zuio, ipeleke TRA, mwenye nyumba mpe kilichobaki. Mwambie hivyo mwenye fremu uone. Yeye laki nane yake anaitaka nzima, "hayo makato ni yako wewe na serikali yako." Kama serikali ni yangu mimi na yeye anaishi kisiwani. Basi unaongeza ya kwako, laki nne na elfu themanini. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, elfu tisini na sita. Au anakupa ujanja: tuandike mkataba wa laki tatu, hela unipe laki nane. Unakubali, roho inatulia, kodi inapungua. Mwaka wa pili anakupandishia, mnagombana, unakwenda kudai miezi uliyolipa mbele, na karatasi uliyotia sahihi mwenyewe inasema laki tatu. Zile laki tano za kila mwezi utamwonyesha nani? Dalali? Wakati huo dalali anakuita "wewe".

Jumlisha. Nne na laki nane, kilemba 15, dalali laki nane, zuio, stempu. Shilingi 21,176,000. Rafu hujapigilia. Leseni bado, na wanaitaka na TIN na namba ya NIDA na huo mkataba. Bidhaa hata pini moja hujanunua.

Sasa hapa ndipo ninapopandwa na presha, mnisamehe. Mgeni akikamatwa anafanya biashara hizo, faini inaanzia milioni 10. Milioni kumi! Kilemba ni 15! Yaani anayevunja sheria faini yake haifiki hata kilemba cha anayeifuata! Ndiyo, najua, kuna na jela hadi miezi sita, kuna na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Najua. Lakini jamani, hesabu hiyo aliyeipiga aliwahi kupanga fremu huyo?

Wataniambia kuna mkopo. Upo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, bila riba. Jambo zuri, nalisifu nikiwa nimekaa. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka uliofuata. Lakini hupewi wewe peke yako, mnapewa kama kikundi. Tafuteni wenzenu, andikeni katiba, wekeni mihtasari ya vikao, fungueni akaunti, barua ya mtaa, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Tuseme mko watano, mkapata milioni kumi nzima. Milioni mbili mbili. Kwa milioni mbili dalali hakuiti bosi hata kwa bahati mbaya. Mnanunua mashine moja ya kufyatua tofali, mnaipangia zamu, ikifika zamu ya Ijumaa mwenye zamu kasafiri nayo.

Na mwanamume aliyezaliwa mwaka mmoja na Azimio la Arusha, 1967, viungo vyote vizima? Si mwanamke, si kijana, si mlemavu. Huyo anajitegemea. Azimio lilisema fedha si msingi wa maendeleo, mwenye fremu hakufikishiwa nakala. Basi babu wa watu anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, na jina lenyewe limeshasema, sina la kuongeza.

Ndiyo maana wengine wanakodisha jina. Leseni ya mzawa, TIN ya mzawa, mzawa kaketi kwenye stuli mlangoni anakula karanga, mwenye duka yuko nyuma ya pazia na kikokotozi. Raia ukikamatwa kwenye mchezo huo ni faini milioni 5 au jela hadi miezi mitatu. Na hata usipokamatwa, kila risiti ya mashine inatoka kwa jina lako. Siku mwenye pazia akipanda ndege, deni la kodi halina pasipoti. Linabaki na wewe na karanga zako.

Mkenya naye anauliza, majirani, na mimi ni mgeni? Soko la pamoja la Afrika Mashariki si lipo tangu Julai 2010? Swali zuri. Amuulize mtangazaji.

Na mahali penyewe tunapotaka pabaki petu tupu panaitwa Kariakoo, Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa Waingereza tangu vita ya kwanza. Hata jina tulipanga, sema hilo halikuwa na kilemba.

Tuko wapi hapa, Ilala Boma? Bado Ilala Boma? Nimemaliza uchumi wa taifa gari halijasogea! Na wewe dogo wa dirishani, maji hayo ya baridi kweli au umeyapitisha tu karibu na barafu? Lete moja. Mia tano? Jana mia tano ilikuwa na chupa kubwa kuliko hii, hii ni ya kutolea sadaka. Acha, chukua. Konda! Konda, nilikupa elfu mbili Buguruni, chenji bado. Usigeuze shingo. Redio umeizima, mkono unashindwaje? Eti nini?

"Subiri, mzee wangu"?

Aa, aa. Umeshafika kwenye mzee wangu. Mimi najua kinachofuata hapo. Toa chenji.