Nusu Maili ni ya Nani?

Wabunge wa Kilimanjaro wakisimama kuzungumzia mlima wao, hachelewi mmoja kutaja nusu maili. Msikilizaji aliye Mtwara au Kigoma anaweza kudhani ni jina la kijiji. Ni ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, kama mita 800 hivi, unaopita kwenye miteremko ya kusini na mashariki mwa mlima, katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na msitu mkubwa wa hifadhi. Wananchi wanadai walipewa ukanda huo wapate humo kuni na majani ya ng'ombe. Wahifadhi wanasema ukiachwa wazi utaisha. Wote wawili wana hoja, ila ninavyoona mimi, ugomvi huu hautaeleweka kwa kutazama miti. Tutazame ofisi: nani alikabidhiwa msitu, akamnyang'anya nani, na mwananchi alipokuwa na shida aligonga mlango upi.

Tuanze na Mjerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Swali la nani ataamua kwamba ardhi haina mwenyewe lilijibiwa na aliyeandika amri. Shamba lililopumzishwa miaka kadhaa, kichaka cha kuchinjia tambiko, malisho ya kiangazi, vyote kwa macho ya mgeni vilikuwa pori tupu. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji ikawekwa chini ya usimamizi wa ofisi ya misitu. Delta hiyo ilikuwa ikitoa boriti zilizosafirishwa Unguja na Uarabuni tangu zamani, na gome la mkoko lilitakiwa kwa kutengenezea ngozi. Wanaotuambia kwamba wakoloni walileta uhifadhi kwa kuipenda mvua na vyanzo vya maji wakumbuke walianzia wapi: kwenye boriti zenye soko. Hoja ya maji ilikuja kupata nguvu baadaye, na sheria ya kulinda misitu ya mwaka 1904 ikaipa serikali rungu la kutenga misitu popote ilipoona inafaa.

Wakati huohuo kulikuwa na ofisi nyingine, boma. Pale alikaa mkuu wa wilaya, chini yake maakida na majumbe, na kazi yao kubwa ilikuwa kodi. Kuanzia 1898 kila nyumba ya shamba ilitakiwa rupia 3, na asiye nazo alilipa kwa jasho lake. Hapo mbegu ya ugomvi ilishapandwa. Boma lilitaka watu watulie, walime, wauze, walipe. Ofisi ya misitu ilitaka watu wakae mbali. Mtu yuleyule aliyebanwa apate rupia alizuiwa kwenda kukata nguzo au kuchoma mkaa ambao ungempa hizo rupia. Vita vya Maji Maji vya 1905 vilianza Umatumbi hasa kwa sababu ya pamba ya kulazimishwa, lakini nadhani tunaposimulia habari ile tunayasahau mno maisha ya porini, uwindaji na utomvu wa mpira, yaliyokuwa yakibanwa miaka ileile.

Waingereza walipochukua Tanganyika hawakuanza upya. Walirithi mafaili, ramani na vigingi, wakavitangaza tena kwa Kiingereza. Idara ya Misitu ikaweka makao yake Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na mwaka 1921 msitu wa Kilimanjaro ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Kisha akaja Gavana Donald Cameron, na mwaka 1926 sheria yake ya Mamlaka za Wenyeji ikawapa machifu na mabaraza yao mahakama, hazina na mgawo wa kodi. Ulikuwa utawala wa bei nafuu, tusijidanganye. Mangi, yaani chifu wa Wachagga, aliyelipwa mshahara na serikali hakuwa mwakilishi wa watu kwa maana tunayoijua leo, na wanawake waliobeba kuni kila siku hawakuwa na kiti barazani.

Lakini tangu hapo wilaya ikawa na mabwana wawili. Kulikuwa na bwana shauri, yaani DC, mkuu wa wilaya, na kulikuwa na bwana miti, ofisa wa misitu. Bwana shauri aliamka na watu mlangoni: mashtaka, mirathi, mipaka ya vihamba, malalamiko ya njaa. Ukitokea ugomvi wilayani kwake, ni yeye atakayeandika barua ya kueleza. Bwana miti aliripoti kwa mkubwa wake Lushoto, na kilichopimwa kwake ni ekari zilizolindwa na mapato ya leseni. Mmoja akiona mama kabeba mzigo wa kuni anaona mlipa kodi anayekwenda kupika, mwenzake anaona kosa. Si kwamba huyu alikuwa mwema na yule mbaya. Ofisi ndiyo iliyompa kila mmoja macho yake.

Kuna kifaa kimoja kinachoeleza ofisi ya misitu kuliko sheria zake zote, nacho ni nyundo. Gogo likikatwa kwa kibali, ofisa analipima, anaandika kitabuni, kisha anagonga mwisho wa gogo kwa nyundo yenye alama iliyochongwa kwenye uso wake. Alama inazama kwenye mti, haifutiki kwa kitambaa. Gogo lenye alama ni mali halali, lisilo nayo ni la wizi hata kama lilitoka kwenye mti uliopandwa na babu yako. Utaratibu huo haukuondoka na bendera ya Waingereza. Muulize mfanyabiashara yeyote wa mbao leo kama mzigo wake unaweza kuvuka kizuizi bila kugongwa nyundo. Atacheka kwanza.

Sasa turudi mlimani. Uchagani kulikuwa na tatizo ambalo bwana miti hakuweza kulimaliza kwa askari. Wachagga hufuga ng'ombe ndani, majani huletwa kichwani. Mifereji inayonywesha migomba na kahawa huanzia juu msituni. Watu waliongezeka na vihamba vilishafika ukingoni mwa hifadhi, kwa hiyo kumkataza mtu asivuke mpaka ilikuwa sawa na kumwambia asile. Mwaka 1941 ndipo ukatengwa ukanda wa nusu maili, na usimamizi wake ukapewa Halmashauri ya Wachagga badala ya Idara ya Misitu. Humo watu wangepata kuni, nguzo na majani, miti ingepandwa, na msitu mkubwa wa juu ungepumua.

Ukanda ule ulifanya kazi vizuri, na walioufuatilia kitaalamu wanakubaliana kwamba miaka ya Halmashauri ya Wachagga ndiyo iliyokuwa miaka yake bora. Kilichonivutia mimi ni jinsi mambo yalivyokuwa mafupi. Aliyekata ovyo alijulikana, baraza lililomwita lilikuwa la kwao, faini iliingia hazina ya kwao, na mche uliopandwa badala ya mti ulionekana na jirani. Hakuna aliyehitaji kuandika barua Lushoto.

Kisha tukapata uhuru, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaomaliza kila hadithi kwa kumlaumu mkoloni. Mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu, na kwa sababu za kisiasa zinazoeleweka. Nusu maili ikawa mikononi mwa halmashauri ya wilaya, na uangalizi ukaanza kulegea. Mwaka 1972 ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani. Jina lilisikika kama kuteremsha madaraka chini, ila halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Ukanda ukahamia serikali kuu. Ndani ya miaka kumi na kitu tu, mlango wa kugonga ulikuwa umebadilika mara mbili, na kila mara ulisogea mbali zaidi na kihamba.

Sheria za serikali za mitaa zikarudishwa mwaka 1982, halmashauri zikaanza tena 1984, lakini zilirudi zikiwa na madeni mengi na meno machache. Mlimani uvunaji haramu ulishamiri kiasi kwamba mwaka 2001 ilipopigwa doria ya ndege kuhesabu uharibifu, ilionekana miti ya mbao iitwayo mikulo imekatwa kwa maelfu ndani ya msitu ambao kwenye karatasi ulikuwa unalindwa. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuupandisha ngazi. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu 1973 ilikuwa ikianzia juu, kwenye mita 2,700 hivi. Hifadhi ya msitu unaweza kuingia kwa kibali ukatoka na kuni. Hifadhi ya taifa ni habari nyingine kabisa, na mwenye bunduki si mlinzi wa misitu aliyezaliwa kijiji cha pili.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba watu wa 1941 hawakuwa wengi kama wa leo, na kwamba hata Halmashauri ya Wachagga ingefufuka kesho ingezidiwa. Nakubali sehemu. Idadi ya watu ingeukandamiza ukanda ule chini ya ofisi yoyote. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini hali ilianza kuharibika mara tu usimamizi ulipohama, wala haielezi magogo makubwa ya juu msituni, ambayo hayakukatwa na mama anayetafuta majani ya ng'ombe wawili. Gogo la mkulo linahitaji msumeno, wabebaji, lori na mtu wa kufumba jicho kizuizini.

Halafu kuna Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa mbioni kuutangaza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi, kwa mtindo uleule wa vigingi. Wenyeji walikataa. Badala ya kupeleka askari zaidi, wataalamu wakakubali jambo ambalo ofisi ya misitu haikuwahi kulikubali kirahisi: vijiji vinane vinavyouzunguka vijitungie sheria ndogo, viweke walinzi wao, vitoze faini zao. Msitu ukaanza kurudi. Kutoka kwenye majaribio kama hayo ndipo Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ilipotambua hifadhi za misitu za ardhi ya vijiji, pamoja na zile za taifa na za serikali za mitaa.

Sheria hiyo ni nzuri, lakini isome uone inamfaa nani. Inamfaa mwenye msitu ulio juu ya ardhi ya kijiji, ambao mkoloni hakuufikia au aliudharau. Misitu minono aliyoiwekea vigingi ilishatolewa kwenye hesabu ya vijiji zamani sana, na mpaka ule hauulizwi. Nusu maili imekwama hapo: ilikatwa kutoka upande wa serikali ikapewa halmashauri ambayo haipo tena, na kijiji cha leo hakina karatasi ya kuonyesha. Kinacho kumbukumbu za wazee tu, na hizo hazigongwi nyundo.