Mshauri nasaha Lamu: umpokee jirani au umpeleke kwingine?

Maadili ya ushauri nasaha yanamtaka mshauri aepuke kumhudumia mtu mwenye uhusiano naye nje ya kikao. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni hupishana kila siku katika vichochoro vyembamba, sharti hilo likifuatwa lilivyo mshauri atakosa wa kumpokea.

Wanaolishikilia wana hoja nzito. Kijana anayemjua mamako hatakwambia kuwa anavuta heroini; atasema ana malaria. Nawe ukishazisikia habari zake arusini, unaingia kikaoni umekwisha kumhukumu. Kosa linalotokea sana ni mshauri kuuliza juu ya jambo alilolisikia mtaani, ambalo mteja hakulitaja. Hapo imani imevunjika, hata kama hakuna siri iliyotoka.

Lakini kumpeleka kwingine nako kuna madhara. Kutoka kisiwani ni boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha gari, na kibarua cha siku kimepotea. Baada ya vikao viwili haendi tena. Simu husaidia, ila si katika nyumba yenye watu wengi na pazia mahali pa mlango.

Nionavyo, wa nyumbani kwako, mnayedaiana naye na anayekufanyia kazi usimpokee kabisa. Jirani mpokee, mradi siku ya kwanza umweleze lini siri haitafichwa: akitaka kujiua au kumdhuru mtu, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Faili iwe na namba tu, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti; zikivuja na kumhatarisha mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Unapompigia msimamizi wako wa kitaaluma, yule unayemweleza kesi zako ili akuongoze, kuficha jina la mteja hakutoshi. "Fundi wa majahazi wa Matondoni mwenye wake wawili" ni jina kamili kwa mtu wa Lamu, na msimamizi aliye Mombasa huenda ana jamaa huku. Badilisha kazi na kijiji, mweleze shida yenyewe.

Salamu nayo ina uzito wake. Mafunzo mengi humwambia mshauri asitangulie kumsalimu mteja njiani. Lamu kunyamaza ndiko kunakofichua, kwani anayepita barazani bila salamu huulizwa ana nini. Afadhali mkubaliane mapema: "Nitakusalimu kama ninavyomsalimu kila mtu, wala sitasimama."

Na mama akikuuliza kama mwanawe huja kwako? Jibu liwe moja kwa wote: "Mama, sisemi nani huja wala nani haji." Lizoee mpaka sauti isibadilike, kwa sababu siku utakayomjibu mzazi mmoja "wako haji," yule uliyemnyamazia jana atakuwa amekwisha kupata jibu lake.