Baba Mwenye Nyumba na Kimondo

Naomba ieleweke kwamba mimi sina ugomvi na kimondo. Jana jioni, nikiwa nimesimama kwa heshima zangu zote kwenye foleni ya maji kule Igogo, Mwanza, kilipita juu ya ziwa kikiwaka kijani, kikayaangaza mawe ya mlimani hadi vivuli vyetu vikahama, kisha kikazimika kabla ndoo ya mbele yangu haijajaa. Mmoja alisema ni ndege, mwingine akasema ni dalili ya kiama, na mama muuza dagaa hakuinua hata kichwa. Hayo nayavumilia.

Nisiyeweza kumvumilia ni baba mwenye nyumba, ambaye leo alfajiri ameingia chumbani, akautazama ule ufa ninaoulalamikia tangu masika, akasikitika, kisha akatamka kwamba umeletwa na kimondo, kwa hiyo ukarabati si wajibu wake bali ni jambo kati yangu na Mwenyezi Mungu. Nikamweleza kwa utulivu wa msomi kwamba vimondo huanza kuwaka kilomita 80 hadi 100 juu yetu, na kwamba sauti huhitaji takriban sekunde 3 kwa kila kilomita, hivyo mshindo wa kupasua ukuta tungeusikia sote dakika kadhaa baada ya mwanga, ilhali tulichosikia ni redio ya jirani tu. Akauliza kama vimondo havijawahi kuharibu majengo popote. Nikamjibu, kwa ujuaji wangu, kwamba mwaka 2013 kule Chelyabinsk, Urusi, jiwe la takriban mita 20 lilipasuka angani na madirisha ya mji yakavunjika.

"Umeona, kijana wangu? Urusi yenyewe na zege lake, sembuse nyumba yangu hii ya udongo?"

Nyumba ya udongo! Alipopandisha kodi si aliiita ya kisasa? Mbona siku ile hakuuona huo udongo? Nilitaka kumnyamazisha kwa kimondo cha Mbozi, nikamwambia kwamba kile ni chuma cha tani zaidi ya kumi na hakijawahi kusingiziwa ufa wa mpangaji, lakini yeye alisikia neno "chuma" peke yake, akauliza bei ya chuma chakavu kwa kilo. Ufa ni wa Mungu, lakini jiwe likipatikana uani ni lake, maana kiwanja ni chake. Sasa anachimba nyuma ya choo, na jembe ni langu.