Morris Brown: kanisa liliua chuo chake, au ndilo lililokibakiza?

Kila kinapotajwa Chuo cha Morris Brown cha Atlanta, Marekani, hukumu huwa ileile: kanisa lililokianzisha, AME (African Methodist Episcopal, la Wamethodisti Weusi wa Marekani), halikupaswa kushika hesabu za chuo. Kilinyang'anywa ithibati, yaani utambuzi rasmi wa ubora wa chuo, Desemba 2002 kikiwa na wanafunzi wapatao 2,500 na madeni ya mamilioni ya dola. Mwaka 2006 aliyekuwa rais wake na aliyesimamia misaada ya wanafunzi walikiri kosa: fedha za serikali ya shirikisho zilizokusudiwa wanafunzi zilitumika kuendeshea chuo. Maaskofu wa kanisa la AME walikuwamo katika bodi. Lawama hiyo ni ya haki.

Ila hukumu hiyo inaruka swali la kwa nini chuo kilikuwa na njaa kiasi hicho. Vyuo vingi vya Weusi kusini mwa Marekani vililelewa na wamisionari Weupe wa kaskazini. Mwaka 1881 waumini wa AME Atlanta waliombwa kuchangia samani za chumba kimoja katika chuo cha jirani, Clark. Mmoja wao akahoji: kama tunaweza hilo, kwa nini tusijenge chetu? Kikafunguliwa mwaka 1885, wanafunzi 107 na walimu 9, kwa sadaka za watu ambao wazazi wao, na wengi wao wenyewe, walizaliwa utumwani. Sadaka hujenga madarasa. Mfuko wa akiba wa kudumu ni jambo jingine. Karo ndiyo iliyolipa mishahara.

Hapo ndipo kunyang'anywa ithibati kunapoua. Bila ithibati mwanafunzi hapati ruzuku wala mkopo wa shirikisho, na pale wengi waliutegemea. Wakihama, karo inahama nao. Walimu hawalipwi, na bila walimu ithibati mpya haiombeki. Kutoka 2,500 hadi chini ya 100! Chuo tajiri kingetumia akiba yake kurekebisha vitabu vya hesabu. Hapa adhabu ya wakubwa ilibebwa na vijana waliokuwa katikati ya shahada.

Mwaka 2012 chuo kiliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na 2014 kikauza sehemu kubwa ya ardhi kwa dola milioni 14.7. Kanisa halikukiachia. Aprili 2022 ithibati ilirudi, kupitia chombo kingine, TRACS, kinachothibitisha vyuo vya Kikristo. Sioni mmiliki wa kibiashara ambaye angevumilia miaka 20 hiyo.

Sasa linalotakiwa ni utaratibu: orodha ya mahudhurio ilinganishwe na fedha kila mwezi, maana msaada wa aliyeacha masomo, ile sehemu asiyostahili, hurudishwa serikalini ndani ya siku 45. Na anayelinganisha awe mkaguzi wa nje, asiyeteuliwa na askofu.